Akiba haiozi, diski huoza

Mwezi uliopita nilikaa kwa muda wa saa tatu katika ukumbi mdogo mjini Thika, pamoja na wenzangu wa kamati ya chama chetu cha akiba na mikopo, tukibishana juu ya vipande viwili vya karatasi. Vilikuwa makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya tarakilishi. Makadirio ya kwanza yalikuwa ya diski kuu za kawaida, zile ambazo mwanafunzi hununua akahifadhia picha na nyimbo zake. Ya pili yalikuwa ya diski ziitwazo za mashirika, ambazo bei yake ilikaribia kuwa maradufu. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu ambaye sijapata kumsikia akitetea matumizi ya shilingi isiyo ya lazima, safari hii alisimama upande wa ghali. "Rahisi ni ghali," alituambia, "na sisi tumekwisha kulipa."

Mwalimu alikuwa na sababu zake. Mwaka 2023 nchi yetu ilitumbukia gizani mara tatu katika muda wa miezi minne: 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. (Msomaji atakumbuka kwamba Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na taifa likakosa umeme kwa saa kadhaa, kwa hivyo tusijifanye kushangaa sana.) Jumatatu iliyofuata giza lile la Novemba, tarakilishi ya chama chetu haikuamka. Siwezi kuapa kwamba umeme ndio ulioiua. Ninachojua ni kwamba diski iliyobeba hesabu zetu ilikuwa imekufa, na diski ya pili, ile tuliyokuwa tukijivunia kuwa ndiyo nakala yetu ya akiba, ilikuwa imefungwa ndani ya kisanduku kicho hicho, ikinyonya umeme kwa waya uo huo, na ilikuwa imenunuliwa siku moja na mwenzake. Zilikuwa pacha, zikafa kifo cha pacha.

Karatasi za mwisho tulizokuwa tumechapisha zilikuwa za mwezi wa Machi. Miezi minane ya akiba za watu ilikuwa imetoweka. Tuliwaita wanachama waje na vitabu vyao na risiti zao, na kwa majuma sita ofisi yetu ikageuka mfano wa kituo cha kupigia kura, foleni ikifika mpaka barabarani. Nyanya mmoja alikuja kutoka Gatuanyaga na kiondo chake, akatoa risiti zote za miezi minane zikiwa zimefungwa kwa nailoni, hakuna hata moja iliyokosekana. Nilimpongeza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, mashine yenu ikisahau mtanunua nyingine. Mimi nikisahau nitakula nini?" Si wote waliokuwa na kiondo kama chake. Fundi mmoja wa mawe alikuwa amepoteza kitabu chake. Yeye alitaja kiasi chake, sisi tukataja chetu, tukakutana katikati, na mpaka leo akinipita njiani hanisalimu kama zamani. Simlaumu.

Basi nimwambie nini Mwalimu? Kwamba anunue rahisi tena? Nilirudi nyumbani Ruiru jioni ile nikiwa na makadirio yote mawili mfukoni, nikaazimia kuchunguza kile hasa ambacho mnunuzi hupewa anapolipa maradufu.

Hupewa vitu kadhaa, na vyote ni vya kweli. Hupewa waranti ya miaka 5 badala ya 2 au 3. Hupewa diski iliyoundwa kufanya kazi usiku na mchana, bega kwa bega na wenzake wengi ndani ya sanduku moja, bila kuvurugwa na mtetemo wao. Watengenezaji wengi huikadiria diski ya mashirika kubeba terabaiti 550 kwa mwaka, ilhali ile ya nyumbani hukadiriwa 55. Aidha huahidiwa kwamba sehemu isiyosomeka haitatokea zaidi ya mara moja katika biti 1,000,000,000,000,000 zinazosomwa, hali ya diski ya kawaida huahidi mara moja katika sehemu ya kumi ya hizo, yaani takriban terabaiti 12.5. Ni tofauti kubwa kwa kampuni inayosoma diski zake kutwa kucha. Lakini hesabu zote za chama chetu, tangu kilipoanzishwa, hazijajaza terabaiti 1, na nakala ya akiba huandikwa mara moja kwa juma kisha ikalala.

Katika stakabadhi hizo kuna namba moja inayowapendeza sana wauzaji, nayo ni muda ambao diski hutarajiwa kuishi kabla ya kuharibika. Utasoma saa 1,000,000, na nyingine zaidi. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka upate miaka 114. Diski kuu ya kwanza duniani ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956! Hakuna hata moja iliyokwisha kuishi umri huo, wala mtengenezaji hamaanishi hivyo. Anamaanisha kwamba katika kundi kubwa la diski, zisizofika 1 katika kila 100 zitakufa kwa mwaka. Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walizichunguza diski zipatazo 100,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Waliona kwamba zilizobadilishwa kila mwaka aghalabu zilikuwa 2 hadi 4 katika 100, na mahali pengine zilifika 13. Isitoshe, hawakuona tofauti ya maana baina ya zile za bei ghali na zile za bei nafuu.

Miaka sita baadaye, Desemba 2013, kampuni ya Marekani ya Backblaze, ambayo kazi yake ni kuwahifadhia watu nakala za akiba, ilitoa hesabu zake hadharani. Diski za kawaida zilikuwa zimekufa kwa kiwango cha asilimia 4.2 kwa mwaka, na za mashirika asilimia 4.6. Nachelea kumdanganya msomaji, kwa hivyo niongeze kwamba zile za mashirika zilikuwa chache mno, vifo 17 tu dhidi ya 613, na kwamba zilipewa kazi tofauti. Haithibitishi kwamba ghali ni mbovu. Inathibitisha tu kwamba anayelipa maradufu akitumai kwamba kifo kitamkwepa atakuwa amelipia kitu ambacho hakimo katika kifurushi.

Jambo lililonifumbua macho zaidi ya hizo namba ni tabia ya diski hizi zinapokutana na sehemu isiyosomeka. Diski ya mashirika hujaribu kwa sekunde chache, saba hivi, kisha hukata tamaa na kutoa taarifa. Hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa imezungukwa na wenzake wenye nakala ya habari iyo hiyo, na ikikawia kujibu mtambo unaoziongoza utaidhania imekufa na kuifukuza kundini. Diski ya nyumbani haina wenzake. Hujaribu, ikajaribu tena, hata kwa dakika nzima na zaidi, mfano wa mama anayetafuta shilingi iliyoanguka gizani. Ndani ya kundi, ung'ang'anizi huo ni kasoro. Peke yake ndani ya droo, ambamo hakuna mwingine atakayemsaidia, ndio hasa ninaoutaka.

Sisi wa Ruiru tungepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Hapa petu ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa, na hapa ndipo ilipotoka ile aina ya mibuni iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985. Ilizalishwa kustahimili ugonjwa wa chulebuni na ule wa kutu ya majani. Haikuahidi kumwokoa mkulima na ukame, wala na mwizi, wala na bei za soko. Aliyekuwa na chulebuni shambani alifanya vyema kuipanda. Mwenye shida nyingine alipaswa kutafuta dawa nyingine. Ugonjwa uliotuua sisi mwaka 2023 haukuwa udhaifu wa diski. Ulikuwa ujirani wa diski.

Msomaji asinielewe vibaya. Yapo mambo ya kuangaliwa hata katika bei nafuu. Diski nyingi za siku hizi huandika mistari yake ikilaliana kama mabati ya paa, ili nyingi zienee mahali padogo, na hivyo kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya mingine iliyo jirani. Kwa nakala ya mara moja kwa juma hilo si neno. Kwa kundi la diski zinazofanya kazi pamoja ni balaa. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilibidi ikiri kwamba baadhi ya diski zake za jina la Red, ambazo wateja walizinunua kwa kazi ya pamoja kama hiyo, zilikuwa za namna hiyo bila stakabadhi kusema. Wala lebo ya mashirika si kinga dhidi ya ulaghai. Mapema mwaka 2025 ilifichuka huko Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanyishwa kazi kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa na baadhi ya wachuuzi kama mpya, kumbukumbu za umri wake zikiwa zimefutwa, na nyingi katika hizo zilikuwa za aina hiyo ya bei ghali. Ikiwa Mjerumani aliuziwa kikongwe akidhani ni kijana, sisi tunaonunua kwa kuonyeshwa kisanduku kizuri tutasema nini?

Nilirudi kwenye kamati na pendekezo ambalo halikumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Diski mbili za mashirika zinunuliwe kwa ajili ya seva, ambayo haizimwi na ambayo sasa ina betri ya kuikinga umeme unapokatika. Huko ndiko mahali pake, na hapo nilimkubalia Mwalimu bila kinyongo. Kwa nakala za akiba, zinunuliwe tatu za kawaida, kutoka maduka tofauti na ikiwezekana za watengenezaji tofauti, zisije zikazaliwa na kasoro moja. Moja ikae Thika. Ya pili ikae ndani ya sefu ya tawi letu la Ruiru, kilomita 20 hivi kutoka hapo, ambako mwizi, moto au bomba lililopasuka katika jengo la Thika haviwezi kuifikia. Ya tatu ibadilishane na hizo kila Ijumaa, ikisafirishwa na karani ndani ya matatu. Na kwa kuwa diski isafiriyo kwa matatu yaweza kusahaulika kitini, habari zote zisimbwe kwa nywila, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitakubali udhuru kwamba utingo ndiye aliyeiokota.

Mwalimu aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: "Nani atahakikisha kwamba hizo nakala zinafunguka?" Ukumbi ulinyamaza. Pesa za kununua diski zilipitishwa kwa dakika kumi. Saa moja kwa mwezi ya mtu wa kuzijaribu tuliijadili kwa dakika arobaini, na mwishowe nikaandikishwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyezungumza sana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda katika tawi la Ruiru, nikafunguliwa sefu, nikaitoa diski na kuiunganisha na tarakilishi ndogo ambayo haijawahi kuguswa na hesabu zetu. Niliiandika namba ya uanachama ya yule nyanya wa Gatuanyaga. Akiba yake ilitokea, shilingi kwa shilingi, lakini malipo ya mwisho yaliyoonekana yalikuwa ya majuma matatu nyuma. Nilimpigia karani simu. Alikiri, kwa sauti ya chini, kwamba Ijumaa mbili zilizopita mvua ilikuwa kubwa na hakusafiri. Nimeomba jambo hilo liwe la kwanza katika ajenda ya mkutano ujao, kabla hata ya kusomwa kwa kumbukumbu.