Punguza mzigo wa mashine, usipunguze usalama

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani, someni pamoja.

Fundi mzoefu wa Likasi huijua pampu inayotaka kuvunjika kwa mlio wake. Siku hizi kifaa kidogo kinaweza kufungwa juu ya pampu ya asidi, kipime mtikisiko na joto, kisha kiwashe taa ya hatari.

Kifaa hicho kinaweza kutumia «msitu wa nasibu», njia aliyoieleza Leo Breiman wa Marekani mwaka 2001. Kila mti ni maswali: joto limezidi? mtikisiko umepanda? Mwisho wa maswali ni jani, yaani jibu. Miti yote inapiga kura. Jibu la wengi linashinda.

Lakini msitu uliofundishwa kwa vipimo vingi hunenepa. Tuseme una miti 500, kila mti vifundo 2.000, kila kifundo baiti 16: jumla ni baiti 16.000.000. Kifaa chenye nafasi ya baiti 500.000 hakiubebi.

Fundi afanye nini?

1. Apunguze miti. Ikishakuwa mingi, kuongeza mingine husaidia kidogo tu.

2. Aweke mpaka wa urefu, mti usiulize maswali bila mwisho.

3. Akatae jani lililosimama juu ya vipimo viwili au vitatu tu.

Miti 100 yenye vifundo 200 inachukua baiti 320.000. Sasa inaingia! Kubana faili peke yake hakutoshi: ni kama kukunja koti la mvua; ukilivaa, ukubwa ni ule ule.

Sasa angalia vizuri. Ukipogoa mwembe wa uani bila kutazama, unaweza kukata tawi lenye matunda. Hatari hutokea mara chache, kwa hiyo majani yake ni machache, nayo ndiyo hukatwa kwanza. Katika vipimo 1.000, tuseme 10 ni vya hatari. Msitu unaosema «salama» kila mara utapata 990. Alama nzuri, lakini mara 10 asidi itamwagika bila taa kuwaka!

Kwa hiyo, wakikuletea kifaa kipya, usiulize tu: «Kinapatia mara ngapi?» Uliza: «Katika zile hatari 10, kilikamata ngapi kabla ya kupunguzwa, na ngapi baadaye?»

Na taa isipowaka, bado vaa miwani na glavu zako. Ukisikia mlio mbaya, mwite shefu mara moja. Watoto wanakungoja.