Utangulizi: Taifa Linavyomwona Bingwa Wake

Somo hili huwa nalianza kwa peremende. Mwezi wa Septemba 1967, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, waendesha baiskeli walikuwa katika mashindano ya saa 12. Katika mbio za namna hiyo kila mmoja huondoka peke yake, na mshindi ni yule ambaye muda ukiisha atakuwa amekwenda mbali kuliko wote. Wanaume waliondoka kwanza, wanawake wakafuata. Mike McNamara alikuwa mbioni kuvunja rekodi ya taifa ya wanaume pale Beryl Burton, mama wa mtoto mmoja kutoka mji mdogo wa Morley, alipomfikia kwa nyuma. Beryl aliingiza mkono mfukoni, akatoa peremende ya likorisi, akampa. McNamara akaipokea, akashukuru, akaila. Beryl akampita. Jioni McNamara alikuwa amekwenda maili 276.52, rekodi mpya ya wanaume. Beryl alikuwa amekwenda maili 277.25, yaani takriban kilomita 446.

Msomaji wangu, jiulize kama uliwahi kulisikia jina la mwanamke huyu. Wengi wa wanaoingia darasani kwangu hawakuwahi kulisikia, hata wale wanaoweza kunitajia washindi wa Tour de France wa miaka 20 iliyopita. Uwanja wa elimu ninaokukaribisha umejengwa juu ya swali hilo: kwa nini taifa humwona bingwa mmoja na kumpita mwingine? Tunaochunguza heshima za umma kwa wanamichezo tunasoma matokeo ya mbio, naam, lakini tunasoma pia orodha za nishani, kura za watazamaji, majina ya barabara, picha za ukutani na masimulizi ya wazee wa klabu.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha mambo ambayo wanafunzi huyachanganya. Nishani hutolewa na mwenye mamlaka. Sifa hutoka vinywani mwa watu, na hakuna mfalme awezaye kuiamuru. Kumbukumbu ni kitu cha tatu, nayo huhitaji mahali pa kukaa: jiwe, bustani, hadithi. Beryl Burton alipata nishani mapema tu, MBE mwaka 1964 na OBE mwaka 1968, zote za daraja la Dola ya Uingereza lililoanzishwa na Mfalme George V mwaka 1917. Sifa aliipata pia, lakini ng'ambo. Katika nchi za bara la Ulaya, ambako baiskeli ni mchezo wa watu wote, alishangiliwa kama malkia. Kwao Uingereza alirudi kazini kwenye shamba la rubabu, mmea wa mabua mekundu machachu ambao eneo lile linajulikana nao, akainua mizigo kama vibarua wengine.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa heshima zote, katika suala hili naona methali hiyo haitoshi, maana chema hujiuza pale tu kilipoanikwa sokoni. Na mbio za baiskeli za barabarani nchini Uingereza kwa miongo mingi hazikuanikwa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, chama kilichosimamia mchezo kilikataza mbio za kundi katika barabara za umma, kwa hofu kwamba polisi na wenye magari ya farasi wangesababisha baiskeli zote kupigwa marufuku. Wapenzi wa mchezo wakabuni mbio za kushindana na saa. Waliondoka mmoja mmoja, alfajiri, wakiwa wamevaa nguo nyeusi zisizovutia macho, na njia zao zikatajwa kwa herufi na namba za siri ili mtu wa nje asijue ni wapi. Percy Stallard alipothubutu kuandaa mbio za kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton mwaka 1942, alifungiwa. Marufuku yalikuja kulegea, lakini tabia ya kujificha ilibaki katika mchezo kama harufu ya moshi katika nguo. Beryl alitawala mbio za saa, na ubingwa wa jumla wa wanawake wa Uingereza aliushika miaka 25 mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1983. Miaka 25! Na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya asubuhi za Jumapili, taifa likiwa bado limelala.

Kuna sababu ya pili, nayo haisameheki kirahisi. Beryl alishinda ubingwa wa dunia mara saba, mara mbili barabarani (1960 na 1967) na mara tano katika mbio za kufukuzana uwanjani. Medali ya Olimpiki hana hata moja. Mbio za baiskeli za wanawake ziliingia katika Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, naye alikuwa na miaka 47. Taifa ambalo huwahesabu mashujaa wake kwa dhahabu za Olimpiki halikuwa na kipimo cha kumpimia. Linganisha na mwaka 2012, pale shirika la posta lilipopaka rangi ya dhahabu sanduku la barua kwa kila bingwa Mwingereza wa michezo ya London. Heshima ya namna hiyo hupita mlangoni mwa mtu kila siku anapokwenda kutia barua.

Mwaka 1967 nawasihi wanafunzi wausome taratibu, kwa kuwa una mengi. Mwezi wa Julai Tom Simpson, Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France na bingwa wa dunia wa 1965, alianguka na kufa katika mlima Ventoux nchini Ufaransa, akiwa na dawa za kusisimua mwili ndani yake. Jiwe lake lipo pale mlimani, na waendesha baiskeli wanaopanda huacha chupa na kofia zao miguuni pake. Kuna wanaouliza kama mtu aliyetumia dawa anastahili. Mimi husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: jiwe lile halifichi alivyokufa, na kila apitaye hukumbuka ushindi wake na onyo lake kwa pamoja. Desemba mwaka huohuo watazamaji wa BBC walipiga kura ya mwanamichezo bora wa mwaka, kura ambayo Simpson mwenyewe aliishinda 1965. Beryl alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Henry Cooper, bondia wa uzito wa juu ambaye ngumi zake zilionekana katika kila televisheni.

Msomaji wa Afrika Mashariki atanikatiza hapa aniulize kuhusu Chris Froome, na ana haki. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, kisha akahamia leseni ya Uingereza. Alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Bradley Wiggins na Geraint Thomas walishinda mara moja moja, na kila mmoja wao akapewa ile tuzo ya kura ya BBC. Froome hakuipata kamwe. Jibu la haraka ni kwamba hakulelewa Uingereza. Lakini mwaka 2017 kura hiyo ilimwendea mkimbiaji Mo Farah, aliyezaliwa upande wa Somalia. Tofauti ni kwamba Farah alikulia London mbele ya macho ya Waingereza, na dhahabu zake mbili za 2012 walizishuhudia uwanjani kwao. Froome walimjua akiwa tayari bingwa. Ongeza kwamba siku chache kabla ya kura ya 2017 ilitangazwa kuwa kipimo chake kilikutwa na dawa ya pumu kupita kiwango, kesi iliyokuja kufutwa mwaka uliofuata. Tazama jinsi sababu zinavyosukana. Ukishika uzi mmoja tu, utakosea.

Wala usidhani mabingwa wenyewe huwa juu ya mambo haya. Mwaka 1976 Denise Burton alimshinda mama yake katika mbio za ubingwa wa taifa wa barabarani. Beryl, mwenye nishani mbili za kifalme, alikataa kumpa binti yake mkono jukwaani, na baadaye akayaandika haya mwenyewe bila kujificha. Kutambua ushindi wa mwingine ni kazi nzito hata kwa aliyestahili kutambuliwa maisha yake yote.

Beryl alifariki Mei 1996 akiwa juu ya baiskeli yake, akisambaza kadi za kuwaalika watu kwenye siku yake ya kuzaliwa ya miaka 59. Leo Morley ina bustani yenye jina lake, na picha yake kubwa ipo ukutani. Mwigizaji Maxine Peake alimwandikia mchezo wa redio uliotangazwa mwaka 2012, ukapanda jukwaani 2014, na kwa wengi hapo ndipo walipomjua kwa mara ya kwanza.

Basi karibu. Kwa kuanza, chukua mwaka mmoja na mchezo mmoja. Weka kitabu cha matokeo upande huu na orodha ya waliotuzwa upande ule, kisha tafuta nani yumo katika kimoja na hayumo katika kingine. Ukimpata, nenda katika mji wake ukawaulize wazee wa klabu, ukawahi wangali hai.