Magurudumu mawili au manne? Piga hesabu kabla ya kununua gari la michezo

MALIPO ya kahawa yanapoanza kuingia, vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa huanza kuperuzi simu zao wakitafuta magari yaliyotumika kutoka Japani. Mwingine hutafuta gari la mizigo. Mwingine, ambaye amevumilia pikipiki kwa miaka mingi, hutaka gari lenye mwendo na mlio, gari ambalo likipita Omurushaka watu wageuke.

Kijana mmoja wa upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, alinifuata na swali hilo. Analima kahawa katika kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake, na baada ya msimu hununua maharage vijijini na kuyauza mjini. Ana wadogo zake wawili shuleni.

"Kaka, wewe umesomea uchumi," aliniambia. "Fedha ninayo. Nichukue Altezza au Subaru Impreza?"

Swali lake lilihusu majina mawili, lakini ndani yake limo swali la kiuchumi. Altezza ya kawaida husukumwa na magurudumu mawili ya nyuma. Impreza nyingi zinazopendwa na vijana huvutwa na yote manne. Je, magurudumu mawili ya ziada yanalipa gharama zake katika barabara zetu?

Tuanze na kazi yenyewe. Nguvu ya injini hufika barabarani kupitia tairi. Ikigawanywa kwa tairi nne badala ya mbili, kila tairi hubeba mzigo mdogo zaidi wa kusukuma, hivyo si rahisi liteleze. Faida hiyo huonekana pale gari linapoanza kuondoka kwenye tope, au linapopanda kilima cha moramu iliyolowa. Gari linalosukumwa na nyuma huteseka zaidi hapo likiwa tupu, kwa sababu injini iko mbele na nyuma ni kwepesi.

Lakini faida hiyo haifiki kwenye breki. Kila gari, liwe la magurudumu mawili au manne, hufunga breki kwa tairi zote nne. Ukiteremka kilima chenye utelezi, kinachokushika barabarani ni kashata za tairi zako na mwendo wako. Madereva wengi wa magari ya magurudumu manne hudanganyika hapa: gari limepanda bila shida, wakadhani litateremka hivyo hivyo.

Historia ya mbio za magari za Afrika Mashariki inatoa somo zuri. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope kama la kwetu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa kwanza aliupata kwa Datsun 240Z, gari halisi la michezo lenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma.

Audi ilipoleta Quattro mwaka 1980, magari ya magurudumu manne yalianza kutamba Ulaya. Hata hivyo, Safari iliendelea kuchukuliwa na magari ya magurudumu mawili hadi mwaka 1986, Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota Celica. Gari la kwanza la magurudumu manne kuishinda lilikuwa Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Miaka 10 baadaye, 1997, Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza, na ndipo jina hilo lilipozidi kung'ara.

Maana yake ni nini kwa mkulima wa Kyerwa? Kwamba magurudumu manne ni teknolojia bora, ndiyo sababu leo magari yote ya daraja la juu katika mashindano ya dunia yanayo. Lakini kwa miaka kadhaa, gari imara na rahisi kutengenezwa, likiwa na dereva mwenye akili, liliweza kuyashinda. Na yule wa mashindano alikuwa na mafundi na vipuri vikimsubiri njiani. Wewe unaye fundi mmoja wa Kayanga.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Tuseme kijana wetu anatembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari la magurudumu mawili linakunywa lita 9 kwa kilomita 100, na la magurudumu manne lita 11, kwa kuwa lina uzito zaidi na vyuma vingi vya kuzungusha. Tofauti ni lita 240 kwa mwaka. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 720,000.

Tairi nazo zina hesabu yake. Gari linalozungusha magurudumu manne muda wote linataka tairi zinazolingana kwa ukubwa na ulikaji. Ukichanganya jipya na vipara, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika, ikaungua. Kwa hiyo jiwe likichana tairi moja wakati nyingine zimelika, huenda ukalazimika kubadili zote nne, wakati mwenzako atabadili mbili za ekseli moja. Kwa tairi la shilingi 200,000, tofauti ni shilingi 400,000. Weka na shilingi 150,000 za oili za difu na matengenezo ya ziada. Jumla inafika shilingi 1,270,000 kwa mwaka.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu. Jiulize: siku gari la magurudumu mawili likishindwa kupita, unapoteza kiasi gani? Gawanya gharama ya ziada kwa kiasi hicho. Kama siku ya tope inakugharimu shilingi 30,000 za kukodi bodaboda na kuchelewa, utahitaji siku 43 za kukwama kwa mwaka ili magurudumu manne yajilipe. Kama siku hiyo inakukosesha biashara ya shilingi 100,000, siku 13 zinatosha.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoamua. Anayekaa Kayanga au Bugene, na safari zake nyingi ni za kwenda Kyaka hadi Bukoba, ana lami. Huyo hawezi kufikisha siku 13, sembuse 43. Anayeingia vijiji vya ndani vya Kaisho, Isingiro au Murongo wakati wa vuli na masika anaweza kuzifikisha kabla ya Krismasi.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa kalenda. Kahawa yetu ya robusta huvunwa zaidi kiangazi, na fedha huingia barabara zikiwa kavu. Mnunuzi analijaribu gari mwezi Agosti kwenye vumbi, anaridhika. Mvua za vuli zinafika, ndipo anagundua alichonunua. Gari hununuliwa kiangazi, lakini hujulikana masika. Kabla ya kulipa, pita njia yako ya kila siku kwa miguu, na uhesabu ni sehemu ngapi ulisukuma pikipiki mvua iliyopita.

Usisahau kimo cha gari. Magari mengi ya michezo yako chini, na baadhi huja springi zimekatwa ili yashuke zaidi. Barabara ya kijijini iliyochimbwa na malori huwa na mgongo katikati. Tumbo la gari likikaa juu ya mgongo huo, tairi zinabaki zikizunguka bila kushika chini, hata zingekuwa sita. Gari la magurudumu mawili lenye kimo cha kutosha na tairi za kashata litapita pale ambapo Impreza iliyoshushwa imelala.

Tahadhari ya mwisho ni kwa wanaonunua kwa picha. Si kila Impreza ni ya magurudumu manne. Zipo za injini ndogo zilizotengenezwa Japani zenye kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Bodi ni ile ile, na wauzaji wengine hawasemi. Inama uchungulie nyuma: kama hakuna difu katikati ya magurudumu ya nyuma, hayo ni mawili. Kumbuka pia kwamba Altezza iliacha kutengenezwa mwaka 2005, hivyo gari lolote la jina hilo ni kuukuu, na umri wa gari huongeza ushuru kwa anayeagiza nje.

Nilipomaliza kumwonyesha kijana yule hesabu hii, alinyamaza kidogo. Kisha akasema siku zake za tope ni kama 30, kwa sababu maharage hayasubiri barabara ikauke. Kwa hesabu yake, magurudumu manne yanalipa. Lakini alipoweka kando fedha ya mbolea ya samadi, ya vibarua wa kupogolea mibuni, na mahitaji ya wadogo zake watakaporudi shule Januari, iliyobaki haikutosha Impreza aliyoitaka.

Nilimshauri mambo mawili. Asiguse fedha ya kibanja, kwa kuwa kibanja ndicho kitakachonunua mafuta ya gari hilo. Na kama hawezi kusubiri msimu ujao, atafute gari la magurudumu manne lisilo na turbo, la kimo cha kawaida, lenye tairi nne nzima, hata kama halina mlio.

Aliondoka akicheka, akasema Omurushaka hawatageuka kulitazama. Nikamjibu: watageuka mwezi Aprili, watakapoliona linapita.