"Na" moja au "na" nyingi?

Juma lililopita nilipokea barua ya kijana wa kidato cha nne. Aliandika insha ya Kiingereza kuhusu gulio la kijijini kwao, akataja vinavyouzwa: mahindi na maharage na dagaa na ndoo za plastiki na nguo za mitumba. Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu juu ya kila "and", akabakiza ile ya mwisho tu, na pembeni akaandika kwamba hicho ni Kiswahili kilichovalishwa suti. Kijana ananiuliza: "Je, ni kosa kweli? Na kama ni kosa, mbona katika Biblia ya Kiingereza nimeziona tele?"

Kwanza nimtetee mwalimu. Kawaida ya Kiingereza ni hii: majina yakiwa mawili, "and" hukaa katikati. Yakizidi mawili, hutengwa kwa mikato, na "and" hungoja mlangoni pa jina la mwisho. Msikilize Mwingereza akitaja orodha. Sauti hupanda kidogo kwenye kila jina, kisha huja "and", kisha jina la mwisho hushuka na kutua. Neno lile ni kama taa ya pembeni ya basi inayowaka kabla gari halijasimama: abiria hujua kituo kimefika. Ukiwasha taa hiyo kila hatua kumi, abiria hatajua ashuke wapi.

Sasa nimtetee kijana. Kuirudia "and" si kosa la sarufi, ni uamuzi wa msemaji. Mwingereza huirudia anapotaka tuhisi kwamba vitu ni vingi, kwamba bado vinakuja, na kwamba kila kimoja kina uzito wake. Mtoto akirudi kutoka kwenye sherehe husimulia hivyo hivyo, keki na soda na maputo na mbwa wa jirani. Wagiriki wa kale waliupa mtindo huo jina la polisindetoni, yaani kitu kilichofungwa mara nyingi. Ama Biblia aliyoisoma kijana, ikiwa ni ile iliyochapishwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James, watafsiri wake walifuata nyayo za Kiebrania, lugha ambayo hubandika herufi moja ndogo ya kuunganishia mwanzoni mwa neno, jambo baada ya jambo. Masikio ya Waingereza yakazoea mwendo huo hata wakauona ni wa heshima. Mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, alijulikana kwa kuzipanga hizo "and" kama shanga. Tazama riwaya yake ya A Farewell to Arms ya mwaka 1929. Kwa hiyo swali ambalo mwalimu angemwuliza mwanafunzi wake ni hili: ulitaka gulio lionekane limefurika? Kama jibu ni ndiyo, angemwachia tatu au nne.

Lakini kijana, nadhani, hakukusudia pambo lolote. Alisema kama tunavyosema nyumbani. Mkato tunaufuata tunapoandika. Mdomoni Mswahili husema na, na, na, wala hakuna anayeshtuka. Na "na" yetu ina kazi nyingi mno. Kiingereza kina neno moja la kuunganisha majina, jingine la kuonyesha umepigwa na nani, jingine la kusema uko pamoja na nani. Sisi kazi zote hizo tumembebesha huyu "na" mmoja, naye hajalalamika. Matokeo yake ni kama kichwa cha habari ambacho kila mwanafunzi wa uandishi huonywa nacho: "Mzee ashambuliwa na simba na mwanawe." Mtoto naye kamrukia baba, au kashambuliwa pamoja naye? Au ni mtoto wa simba?

Ingia hotelini uagize chai na wali na maharage na chapati. Mhudumu ataleta vitu vitatu, kwa sababu anajua wali na maharage ni sahani moja. Waingereza nao wana samaki wao na viazi vya kukaanga, maneno mawili na "and" katikati, chakula kimoja. Kiunganishi kinachofunga jozi na kile kinachofunga orodha nzima ni neno lilelile, na anayesikia hana budi kukisia kipi ni kipi.

Kukisia huko kumewahi kugharimu fedha. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria iliorodhesha kazi ambazo mfanyakazi hadai malipo ya saa za ziada. Baada ya mikato kadhaa orodha iliishia hivi, kwa tafsiri yangu: kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakaenda mahakamani. Wao husambaza, hawafungashi. Kampuni ikasema kusambaza ni kazi ya mwisho katika orodha, inayojitegemea, kwa hiyo madereva hawana haki. Madereva wakajibu: la hasha, hiyo ni kazi moja tu, kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Kabla ya ile "au" hapakuwa na mkato. Kampuni nayo ikauliza: kama kufungasha ndiyo kazi ya mwisho, mbona hakuna "au" kabla yake? Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ikaona maneno hayo yana utata, na kwamba penye utata sheria ya namna hiyo isomwe kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Watunga sheria walikwisha kutia nukta-mkato kila mahali. Laiti wangerudia "au" tangu mwanzo, kuhifadhi au kufungasha au kusambaza, sentensi ingekuwa nzito kama gunia la chumvi, lakini kesi isingekuwapo.

Na sisi wa redio hatuna hata huo mkato. Mkato wetu ni pumzi.

Mwaka 2004, ningali mgeni kazini, nilikabidhiwa taarifa ya Kiingereza juu ya ajali ya basi. Waliokufa walitajwa hivi: dereva, mkato, baba wa watoto watano, mkato, na kondakta. Ile mikato miwili ilifanya kazi ya mabano. Baba wa watoto watano alikuwa dereva mwenyewe. Nikatafsiri neno kwa neno, na saa mbili usiku nikasoma: "Waliofariki ni dereva wa basi, baba wa watoto watano na kondakta." Majina yalikuwa hayajatolewa. Idadi sikuitaja, kwa kuwa kwenye karatasi haikutajwa.

Siku ya nne mama mmoja alifika mapokezi akiongozana na shemeji yake. Nikaitwa. Mumewe alisafiri siku ile kwa basi lile, na watoto wao ni watano. Kijijini kwao hapakuwa na simu. Usiku ule walilia, majirani wakakusanyika, jiko likawashwa uani. Kesho yake jioni mume akaingia kwa miguu, mkono umefungwa bandeji, akakuta watu wamekaa kwenye mikeka yake.

Nilijiandaa kufokewa. Mama hakufoka.

"Mwanangu," aliniuliza, "habari yako ilisema wamekufa wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mimi nilihesabu watatu."

Nikaitafuta karatasi, nikaisoma tena mbele yake. Nilihesabu watatu mimi mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Wangu amerudi, Mungu ashukuriwe. Nimekuja kuuliza huyo baba mwingine ni wa wapi. Kama wangu si yeye, basi yuko mwenzangu mwenye watoto watano, nami nataka nikampe pole."

Tangu siku ile natanguliza idadi: watu wawili. Kisha nasema dereva, ambaye ni baba wa watoto watano, na pia kondakta wake. Mhariri mmoja alizoea kunikatia hilo "na pia", akisema linapoteza muda wa hewani, nami nalirudisha mbele ya kipaza sauti.

Nilimweleza mama kwamba aliyemtafuta ndiye dereva. Majina yalikuwa yamekwisha kutangazwa. Nikamwandikia jina la kijiji nyuma ya karatasi ileile ya habari, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.