"Serikali isituingilie" ama "sheria ni sheria"?

Kila sheria mpya ikija, hapa mtandaoni tunagawanyika kambi mbili. Wengine: "Huu ni udikteta!" Wengine: "Kama huna la kuficha, unaogopa nini?" Wote wanaruka Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010, na kortini ndicho huangaliwa. Uzi mfupi 👇🏾

Kifungu hicho hakisemi haki zako haziguswi. Zinaweza kupunguzwa, isipokuwa chache za Kifungu cha 25, kama kutoteswa. Lakini lazima ziguswe kwa sheria, sio kwa tamko la jukwaani, na anayezipunguza ndiye anafaa kujieleza, sio wewe. Kuna swali moja pale ndani ambalo mimi hulipenda sana: hakukuwa na njia nyepesi ya kufikia lengo lile lile?

Chukua Huduma Namba. 2019 wazazi wetu walipanga foleni kusajiliwa. Sheria ilikuwa imerekebishwa ikaruhusu hadi kuchukua DNA na kurekodi GPS ya mahali unaishi. Sasa DNA ya nini, jameni, kwa kitambulisho?

Waliokwenda kortini ni pamoja na shirika la haki za Wanubi, watu wanaojua vizuri kuhojiwahojiwa wakitafuta kitambulisho. Ukiwaambia "kama huna la kuficha" hujawaelewa. Hofu yao ilikuwa kuachwa nje: bila namba, huduma utapataje?

Januari 2020 Mahakama Kuu haikuutupa mpango wote. Iliona una manufaa, lakini DNA na GPS zikakataliwa kwa kukiuka Katiba, na serikali ikaambiwa itunge kanuni kamili kwanza. Oktoba 2021 utoaji wa kadi nao ukabatilishwa, kwa sababu tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa. Kwa hivyo kila kambi ilipata kitu, na hakuna iliyopata vyote.

Mifuko ya plastiki je? Marufuku ya Agosti 2017 naiunga mkono, mitaro yetu mnaijua. Lakini faini ya milioni 2 hadi 4, ama jela mwaka 1 hadi 4, kwa mama mboga? Hapo njia nyepesi ilikuwepo, bana.

Na kabla mniulize kwa DM: ndio, mwananchi wa kawaida anaweza kushtaki haki ikikiukwa, hata kwa niaba ya mwingine. Ni Kifungu cha 22, na kinasema usitozwe ada ya kufungua kesi hiyo.