Teddy Kalanda Harrison na Kiswahili cha "Jambo Bwana"

Katika sarufi ya Kiswahili sanifu, "jambo" ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Mswahili humwamkua mwenziwe kwa "hujambo", naye hujibiwa "sijambo", yaani hana neno linalomsumbua. Katika hoteli za pwani ya Kenya, hata hivyo, "jambo" peke yake limekuwa salamu kamili. Suala hili linapozuka, lawama huelekezwa mara nyingi kwa wimbo "Jambo Bwana" wa Teddy Kalanda Harrison, mwanamuziki aliyefariki mwaka wa 2024. Makala haya yanaangazia maisha na mchango wake, na kubainisha ni kwa nini lawama hiyo haina mashiko.

Kalanda alikuwa mmoja wa ndugu wa ukoo wa Harrison walioanzisha bendi ya Avenida Success mnamo mwaka wa 1969. Mwaka wa 1972 bendi hiyo ilibadili jina na kuitwa Them Mushrooms. Baadaye ilijulikana pia kama Uyoga. Kwa miaka mingi ilitumbuiza wageni katika hoteli za Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi mwaka wa 1987. Ni katika mazingira hayo ya hoteli ambapo Kalanda aliwasikia watalii wakijaribu kutamka maneno machache ya Kiswahili, akayageuza kuwa wimbo. Wimbo huo ulipotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, inakadiriwa kuwa uliuza nakala zipatazo 200,000.

Siri ya mafanikio yake imo katika muundo. Maudhui yake yanafuata utaratibu wa maamkizi ya Waswahili: salamu hutangulia, hali ikajuliwa, mgeni akakaribishwa kisha akatulizwa moyo. Sentensi ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na kiitikio kinarudiwarudiwa hadi msikilizaji asiyejua lugha akakiimba. Aidha, "matata" ni neno la Kiswahili lenye uhusiano na "tata", "utata" na "tatiza". Halikubuniwa kwa ajili ya watalii. Salamu ya "jambo" nayo ilikuwa ikitumiwa na wageni tangu enzi za ukoloni. Hivyo basi, Kalanda hakuiharibu lugha. Alikisanii Kiswahili alichokisikia kikizungumzwa.

Hali kadhalika, ni kosa kumpima kwa wimbo mmoja. Bendi aliyoiasisi na nduguze ilishirikiana katika kurekodi na Malika, mwimbaji wa taarabu, na Queen Jane, mwimbaji wa Kikuyu. Vilevile, ilishirikiana na mkongwe Fundi Konde, ambaye nyimbo zake zilivuma tangu miaka ya 1940 na 1950. Kwa njia hiyo, zilizopendwa ziliwafikia vijana waliozaliwa baada ya santuri za awali kuadimika.

Umaarufu, hata hivyo, ulizua swali la umiliki. Mwaka wa 1983 kundi la Boney M. lilitoa toleo lake kwa jina "Jambo – Hakuna Matata". Mwaka wa 1994 filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney ilikuwa na wimbo tofauti, uliotungwa na Elton John na Tim Rice, uliobeba jina "Hakuna Matata". Mwaka wa 2003 Disney ilisajiliwa nchini Marekani alama ya biashara ya maneno hayo kwa ajili ya mavazi, hatua iliyozusha malalamiko makubwa Afrika Mashariki mwaka wa 2018.

Yafaa kutenganisha mambo mawili hapa. Alama ya biashara hulinda jina linalotambulisha bidhaa. Haimzuii Mswahili kutamka maneno yake. Hakimiliki, kwa upande wake, hulinda utungo wenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ulinzi wa kazi ya muziki hudumu kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hiyo, tungo za Kalanda zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2074.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wimbo wa Kalanda umeimbwa na wengi wasiolijua jina lake, huku wataalamu wa lugha yake wakiuona kuwa mwepesi mno kuchambuliwa. Tuzo ambayo wanafunzi wa fasihi wanaweza kumpa ni kumtaja kila wimbo wake unapotajwa, na kuuchambua kama utungo wa Kiswahili, sawa na tungo nyinginezo.