Madini Katika Chakula: Yanayojenga Mwili na Yanayoudhuru

Kikapu cha mkazi wa Magogoni hujazwa katika masoko mawili: samaki kutoka Feri, mboga na viungo kutoka Kariakoo. Ndani ya kikapu hicho mna madini ambayo jicho haliwezi kuyatambua. Baadhi yake mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana: chuma hutengeneza damu, zinki husaidia mtoto kukua na vidonda kupona, nayo madini joto katika chumvi huzuia ugonjwa wa rovu. Mengine, kama vile risasi, zebaki na kadimi, hayana kazi yoyote mwilini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata akiwa bado tumboni.

Mboga. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya upimaji wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Mboga hizo zilikutwa na risasi na kadimi. Kadimi hufyonzwa na mizizi na kupanda hadi kwenye jani, hivyo kuosha hakuiondoi. Risasi, kwa sehemu kubwa, hutua juu ya jani pamoja na vumbi, na kuosha vizuri kwa maji safi huipunguza. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuharibu metali. Kwa hiyo ni busara kumuuliza muuzaji mchicha wake umelimwa wapi.

Samaki. Zebaki huongezeka kadiri samaki wakubwa wanavyokula wadogo. Kwa sababu hiyo, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo hushauriwa kuepuka papa na nduaro. Dagaa ana zebaki kidogo, na kwa kuwa huliwa mzima, humpa mlaji chuma, zinki na kalsiamu kwa bei nafuu.

Vyombo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Takriban theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Vyombo vingi vya aina hiyo husubiwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganyika. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya, ndimu na ukwaju, huyeyusha metali zaidi; inafaa vipikwe na kuhifadhiwa katika chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Udongo wa kula. Wajawazito wengi hutafuna udongo uitwao pemba, unaouzwa masokoni. Watafiti waliopima udongo wa aina hiyo wilayani Geita waliukuta na risasi na aseniki. Hapa ndipo madini mema na mabaya yanapokutana. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma mwilini, na mwili uliopungukiwa na chuma hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Anayetafuta nafuu katika udongo huenda akaongeza madhara mawili kwa pamoja.

Kinga, basi, huanzia katika lishe. Dagaa, maharage, maini na unga ulioongezwa virutubishi huupa mwili chuma. Ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia chuma kufyonzwa, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Mjamzito mwenye hamu ya udongo anahimizwa kulieleza jambo hilo kliniki bila haya, ili apimwe wingi wa damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu.

Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mkazi mwenye shaka juu ya chakula kinachouzwa anaweza kutoa taarifa kwa Afisa Afya wa kata yake, akieleza aina ya bidhaa, mahali ilipouzwa na tarehe, na ikiwezekana akihifadhi sehemu ya bidhaa hiyo kwa ajili ya uchunguzi.